Mtoto alikuwa mwekundu kwenye kipimo, ila kazi kubwa ilikuwa kwa mama yake

Niseme mapema, mie sio nesi wala sio mtu wa ustawi wa jamii, ni fundi cherehani tu hapa Ngamiani, Tanga, nashona madera na sare za shule. Ila tangu binti wa kaka yangu na mwanawe wahamie kwangu, watu mtaani hawaishi kuniuliza ulifanyaje mpaka yule mtoto aliyekonda akawa vile, na wakishauliza hata jibu hawasubiri, wanataka niwatajie unga wa lishe. Hakuna unga jamani. Naeleza yote hapa mara moja.

Kaka yangu yuko Dar, binti yake alikuwa anakaa kwa bibi yake Makorora, yaani kwa mama yangu. Kamaliza form four, matokeo hayakuwa mazuri, mwaka uliofuata akapata mimba ya kijana mmoja anayenunua dagaa pale Deep Sea na kuwapeleka minadani. Mtoto akazaliwa salama, wa kiume, akapewa jina la marehemu baba yetu kwaiyo wote tunamwita Babu. Miezi ya mwanzo alikuwa mzuri tu, mashavu haya. Baada ya sindano ya surua ya miezi 9 wakaacha kliniki, na hapo sio wao peke yao, wengi mtaani wakishachoma hiyo ya miezi 9 wanaona wamemaliza, wakati kuna ya pili ya miezi 18 na hapo katikati ndipo watoto wengi wanapoharibika, ndio mda mtoto anaachiwa sinia moja na wakubwa agombanie.

Kitu kingine kilichowaachisha kliniki ni aibu. Kuna siku alienda zahanati, siitaji ni ipi, mtoto kapimwa uzito umeshuka, akasemwa mbele ya wamama wenzie kwenye foleni kama mwizi. Kurudi mtaani nako washaanza, ati kambemenda mtoto, ati hakutulia, na bibi naye akaongezea kwamba maziwa yamechafuka amwachishe. Mtoto akikonda kwetu huku wa kwanza kushtakiwa ni mama, tena kwa mambo ya chumbani, sasa msichana wa miaka 19 ukimwambia hivyo mbele za watu unategemea wiki ijayo arudi na kadi mkononi? Harudi. Akajifungia ndani.

Nilivyoenda Makorora kwenye shughuli ya jirani nikamkuta Babu kakaa kwenye mkeka, ana mwaka na miezi miwili, hasimami hata kwa kushika kiti, hatambai, na kilichonitisha zaidi halii. Watoto wa wenzie wanapita na kijigari wanapiga kelele, yeye anaangalia tu. Mama yake yuko ndani kalala kageukia ukutani. Nikauliza anaumwa? Mama yangu akasema haumwi, ana kiburi, au labda kapandwa na kitu, na kuku wa mganga ashatengwa tayari.

Sikubishana. Ukimbishia mama mtu mzima kuhusu mganga umepoteza siku yako na mtoto humpati. Nikamwambia mama, kuku atasubiri, mtoto twende naye hospitali kwanza, tukirudi tutaongea habari ya kuku. Akakubali, kwa sababu hajakataliwa.

Alafu kabla ya kumpeleka nilitangulia mwenyewe jioni ile ile, nikaenda kituo kingine ambacho nina mteja wangu nesi wa RCH, yaani kliniki ya mama na mtoto, nikamweleza hali ya binti, nikamwambia naomba kesho asisemwe. Hilo tu. Kama una mtu wa namna hii nyumbani nakushauri utangulie, hata kama humjui nesi, nenda mapema kabla ya foleni umwambie kwa utaratibu. Wengi ni watu wazuri wamechoka tu.

Asubuhi wakampima mkono na ile tepu yenye rangi tatu. Kijani ni kuanzia sentimita 12.5 kwenda juu, njano ni kati ya 11.5 na 12.5, nyekundu ni chini ya 11.5. Babu akaangukia nyekundu. Kilo saba na kidogo. Wakaangalia miguu kama imevimba, wakampa chakula dawa kidogo waone kama ana hamu ya kula, akala. Nesi akasema angekataa kula au angekuwa na uvimbe angelazwa siku hiyo hiyo, ila kwa vile anakula basi atatibiwa akiwa nyumbani, kila wiki anarudi. Kile chakula dawa ni karanga, maziwa, mafuta, sukari na vitamini, pakiti moja ya gramu 92 ina kalori 500, na ni dawa kweli, haigawiwi. Sasa kwa mama yangu kuna wajukuu wamejaa, na kitu kitamu kama kile, unadhani kilifika kwa Babu chote? Hata bibi mwenyewe alikionja akasema kumbe kitamu. Ndio maana nikawahamishia kwangu.

Ila kabla hatujatoka pale kliniki nesi akamgeukia binti, akamuuliza taratibu, "Na wewe mwanangu, unalala?" Binti akalia mpaka tukatolewa nje kwenye benchi tupishe wengine.

Haikuwa kiburi wala jini. Ilikuwa sonona, ile huzuni nzito inayokuwa ugonjwa, ilimuanza tangu baada ya kujifungua na hakuna aliyeiona kwa sababu tulikuwa wote tunaangalia mtoto. Akaandikiwa akaonane na mtu wa afya ya akili, na hapo nyumbani pakawaka moto, ati tunamfanya kichaa mtoto wa watu. Nikawaambia hata mie naenda naye, basi kama ni kichaa tutakuwa wawili. Alienda mara kadhaa, anakaa anaongea, anarudi. Hakupewa hata kidonge.

Nyumbani kwangu kitu cha kwanza nilichomfanyia nilimwacha alale. Wiki nzima mtoto usiku nakaa naye mie, akitaka kunyonya nampelekea, akimaliza namchukua. Watu wakasema unamdekeza. Aka, mtu hajalala mwaka mzima unamfundisha nini? Atakuitikia ndio shangazi, ndio shangazi, na hakuna kilichoingia. Alivyopata usingizi ndio nikampa kazi ndogo ndogo, kushona vifungo, kupinda madera, na hela yake namlipa jioni mkononi, sio kwa ajili ya msaada, kazi ameifanya. Siku ya kwanza kujinunulia vocha kwa hela yake alirudi dukani anatembea tofauti.

Hapo sasa ndio tukaanza michezo. Nesi alitufundisha na mwanzoni niliona ni mambo ya kizungu lakini hayana gharama yoyote. Unajifunika kanga usoni unajifunua. Chupa ya maji unatia choroko kidogo, unafunga kifuniko kwa gundi ya moto asije akafungua akazimeza, anatikisa. Kwangu koni za nyuzi zilizoisha zimejaa, tukawa tunazipanga anaziangusha. Na kuongea naye, hilo ndio lilikuwa gumu kuliko yote. Binti ananiambia shangazi naongea na nani, mbona hajibu? Nikamwambia msimulie unachokishona, mwambie hii nyekundu hii ya bluu, akisema ba na wewe sema ba, alafu nyamaza umpe zamu yake. Siku za mwanzo anasema kwa kunong'ona kabisa anaona haya wateja watamsikia. Baadae wateja wenyewe wakawa wanajibizana na Babu, duka zima ba ba ba, mtu kaja kupima dera anatoka kachelewa.

Baadae nikawa nasoma kwenye simu, nikakutana na habari ya Jamaika. Kule Kingston, miaka ya 1986 na 1987, walichukua watoto 129 waliodumaa, wa kati ya miezi 9 na 24. Wengine wakapewa maziwa kila wiki, wengine mama zao wakawa wanatembelewa na mhudumu wa afya mara moja kwa wiki, kama saa moja hivi, anawafundisha kucheza na kuongea na mtoto kwa vitu vya nyumbani, wengine wakapata vyote, wengine hawakupata. Miaka miwili hivyo. Miaka 20 mbele wakaenda kuwatafuta, waliochezewa wanapata kipato asilimia 25 zaidi ya wale ambao hawakuchezewa, na wale wa maziwa peke yake hiyo tofauti ya kipato hawakuionyesha. Nilivyosoma hapo nikamwita binti nikamsomea kwa sauti. Akacheka, akasema basi Babu akitajirika koni zako uzikumbuke kwenye hesabu.

Sisemi chakula sio kitu, mtoto mwekundu bila kula anakufa, tuelewane. Chakula dawa kuna mda kiliisha kituoni tukaambiwa turudi, kwaiyo tulikuwa tayari tunajua cha kupika. Kwanza Babu akapata sahani yake, sio sinia, ili uone kala kiasi gani. Milo mitatu mpaka minne na kitu cha katikati, embe, papai, yai, na kunyonya pale pale mpaka miaka miwili, ile habari ya maziwa machafu nesi aliifuta kabisa. Dagaa tunawaosha, tunawakaanga bila mafuta, tunasaga, unanyunyiza kwenye viazi vya kuponda na tui la nazi. Kuhusu ule unga wa lishe wa kuchanganya mahindi, ulezi, mchele, ngano na mtama mtu anajisifu ana vitu vitano, mama mmoja mtaalamu wa lishe alisema vyote hivyo ni kundi moja, ni nafaka tu, bora uji wa nafaka moja ukaongeza karanga au maziwa wakati wa kupika. Wauza unga wasinichukie.

Baba yake sasa. Kijana hakuwa mbaya, alikuwa anakimbia aibu kama mwenzie. Tulianza kwa mjumbe ikashindikana, hakutokea. Tukaenda kwa afisa ustawi wa jamii, na pale ndio nilijua kumbe Sheria ya Mtoto ya 2009 inamtaka mzazi ampe mtoto chakula, malazi, mavazi, matibabu, elimu, na mpaka haki ya kucheza na kupumzika imeandikwa humo. Kucheza! Afisa mwenyewe ni dada mdogo tu lakini alimweka kijana sawa bila kumtukana. Akatueleza pia kuna programu ya taifa ilizinduliwa Desemba 2021 ya malezi, makuzi na maendeleo ya awali ya mtoto, ya watoto mpaka miaka 8, wenyewe wanaiita MMMAM, inataka mambo matano kwa pamoja, afya, lishe, malezi yenye mwitikio, kujifunza mapema na ulinzi. Jina refu kuliko barabara ya Pangani, ila hayo matano nikiyapigia hesabu kwa Babu ni kweli alikuwa kakosa karibu yote kwa wakati mmoja.

Makubaliano yakawa hivi: elfu thelathini kila mwezi, dagaa kilo kadhaa, na kila Ijumaa akitoka msikitini aje akae na mtoto. Hilo la Ijumaa ndio nililiwekea mkazo mie, hela anaweza kumtuma mtu. Mwanzoni anakaa kwenye ngazi anachezea simu, hajui amshike wapi. Nikamwekea koni za nyuzi mbele yake, nikaingia ndani. Mwanaume ukimsimamia anajikaza, ukimwacha anacheza. Na Babu alivyoachia mikono akatembea mwenyewe, mwaka na nusu ushapita, alimwendea baba yake sio mama yake, na mama yake alinuna mpaka usiku, hahaha.

Tepu ilipita njano, ikafika kijani, na binti mwenyewe ndiye aliyenipigia simu kunipa habari kwa sababu siku hiyo alienda kliniki peke yake. Sindano ya miezi 18 kachoma. Maneno bado machache kwa umri wake, tulimpeleka akapimwa masikio wakasema anasikia vizuri, tuendelee kuongea naye na tumrudishe baada ya miezi michache. Mama yangu anasema atasema tu, babu yake naye alichelewa. Labda, ila tutamrudisha. Yule kuku aliliwa Idi.

Binti saivi anarisiti masomo matatu, jioni anaenda tuisheni, na mie nabaki na Babu dukani anapanga koni kwa rangi, nyekundu hazichanganyi na mtu. Baba yake pesa ya mwezi huu kaleta ila dagaa hajaleta, ati ni bamvua, maji makubwa baharini, hakuna mzigo, na mie Deep Sea jana nimewaona dagaa wamejaa mpaka wanaanikwa chini. Jumamosi namfuata.