Amplifaya iliyomo sikioni mwa mjukuu wangu

Mjukuu wangu alikuwa na siku tatu tu walipomchomeka kijipira sikioni, amelala kifuani kwa mama yake. Nikamuuliza muuguzi, "Mwanangu, mtoto huyu hawezi kusema kama amesikia. Mtajuaje?" Akaniambia, "Sikio lenyewe litatujibu, babu. Tunapiga sauti ndogo, halafu kuna kimaikrofoni humu kinasikiliza sauti inayotoka ndani."

Inayotoka ndani! Nimetengeneza amplifaya pale Ngamiani, Tanga, miaka 26. Kitu kinachopokea sauti kikaanza kuitoa, fundi anajua: ndani mna amplifaya, na sauti kidogo inarudi nyuma, kama maikrofoni inavyolia ukiisogeza karibu na spika.

Tangu siku hiyo nasoma kila usiku. Nilidhani kiwambo, ile ngozi ya ngoma ya sikio, na vile vifupa vitatu nyuma yake ndiyo mashine nzima. Kumbe ile ni transfoma tu. Sikio la ndani lina maji, na mtikisiko wa hewa hauingii kwenye maji kirahisi, kwa hiyo kiwambo kipana kinakusanya nguvu na kuimalizia kwenye kidirisha kidogo cha kuingilia humo, eneo lake karibu moja ya kumi na saba ya kiwambo.

Amplifaya yenyewe imo kwenye koklea, kijibomba cha maji kilichojikunja kama konokono. Ukikinyoosha ni milimita 35 hivi. Ndani yake umetandazwa utando: mwanzoni mwembamba na mgumu, hapo ndipo twita, yaani sauti za juu, mwishoni mpana na laini, hapo ni besi, sauti za chini. Juu ya utando kuna seli zenye vinyweleo, mistari minne. Mstari mmoja, seli kama 3,500, ndio hasa unaopeleka habari kwenye ubongo. Mistari mitatu iliyobaki, seli kama 12,000, inacheza. Ndiyo, inacheza! Utando ukitikisika, umeme ndani ya seli unabadilika, na seli inafupika na kurefuka papo hapo, ikiusukuma utando kama mtu asukumaye bembea kwa wakati wake. Sauti hafifu inakuzwa zaidi ya mara 100 kabla haijafika kwenye neva. Sauti ikiwa kubwa, seli hazisukumi sana. Hata pawa saplai ipo: maji yanayogusa vile vinyweleo yana umeme wa milivolti 80 hivi.

Mwanasayansi Georg von Békésy alipata tuzo ya Nobel mwaka 1961 kwa kuonyesha mawimbi yanavyopita kwenye utando ule. Lakini mengi aliyaona kwenye masikio ya maiti, na humo betri imekwisha. Thomas Gold, aliyefanya kazi ya rada wakati wa vita, alishasema mwaka 1948 kwamba lazima mna kikuza sauti kinachojirudishia nguvu, kama redio za zamani. Mimi nilimwelewa mara moja. Piga kengele ya baiskeli ndani ya ndoo ya maji: inasema "tk", imekufa. Utando ulio majini usingeweza kuchagua sauti kwa ustadi ule bila kusaidiwa. Wengi hawakumsikiliza. Ikapita miaka 30 ndipo David Kemp, huko London, akaweka maikrofoni kwenye tundu la sikio na kuinasa sauti inayorudi.

Siku ile niliomba nami nipimwe. Sikio la kulia lilijibu vizuri. La kushoto lilijibu sauti za chini, lakini kuanzia hezi 4,000 kwenda juu, kwenye sauti za twita, kimya. Hilo ndilo nililokuwa nikiliweka mdomoni mwa spika ya honi kila nikijaribu twita. Tranzista ikiungua naenda kununua nyingine. Seli zile zikifa, ndege huziotesha upya, binadamu hawezi.

Karatasi ya majibu ya mjukuu niliomba nakala. Nimeibandika juu ya benchi, jirani na michoro ya saketi, milima midogo midogo ya sauti yake imesimama yote, kulia na kushoto.