Vital imenifanya nione sauti kwa macho
Aisee maprodyusa wenzangu, wiki nzima nimeshinda na Vital tu, ile sintesaiza ya kompyuta (programu ya kutengeneza sauti za muziki) ya Matt Tytel iliyotoka 2020, yaani nimechelewa mno kuifungua. Kilichonikamata ni vile ilivyopangwa, unaikokota LFO (wimbi la polepole linaloyumbisha mipangilio ya sauti) kwa mausi unaidondosha juu ya nobu unayotaka, basi imeshika, na unaona kabisa nobu inavyocheza na wimbi linavyobadilika umbo palepale. Kwenye sinthi niliyozoea ilikuwa mpaka nifungue jedwali, nichague inatoka wapi inaenda wapi, nikimaliza wazo limeshanitoka. Ina osileta 3 za kuzalisha sauti na sampla moja ya kucheza sauti iliyorekodiwa, filta 2 za kukata baadhi ya masafa ya sauti, na LFO unajichorea mwenyewe umbo lake, jana nimechora moja kama ngazi nikaitupia kwenye filta, besi ikaanza kurukaruka na biti nikabaki nimeduwaa hapo nairudia tu. Halafu toleo la bure injini ni ileile, kinachopungua ni priseti (sauti zilizotengenezwa tayari) na wevutebo (mikusanyo ya maumbo ya mawimbi ambayo osileta inasoma), na mi naona hapo jamaa ametutendea haki sana. Ukijaza sauti nyingi za unisoni (nakala za noti moja zinazolia pamoja) inakula CPU, yaani nguvu ya kompyuta, kweli, kwa hiyo mi nageuza traki kuwa odio (sauti iliyokwisha rekodiwa) mapema nasonga mbele.