Bukta yenye sponji

Mara ya kwanza kwenda Bagamoyo kwa baiskeli kutoka Dar nilivaa jinzi. Kufika Bunju, mshono wa kati ulishanichubua mapaja, nikawa nakanyaga pedali nimesimama kama mtoto aliyeiba baiskeli ya baba yake. Siku hizi navaa bukta ya kubana yenye sponji, mtumba wa soko la Karume, na ndani sivai chupi: nayo ina mishono yake, ikilowa jasho inakata kama msumeno. (Mke wangu bado anacheka.) Juu, fulana ya poliesta ya mikono mirefu, rangi ya machungwa, wenye malori wanione. Pamba hulowa ikanata mgongoni. Glavu nilizidharau hadi nilipoteleza kwenye mchanga pale Mapinga. Kovu liko kiganja cha kushoto.