Ndevu za Mefiboshethi

Bwana asifiwe wapendwa. Tafakari ya wiki hii imechelewa najua, ilikuwa itoke Jumatano kama kawaida na leo ni Ijumaa. Nimekuwa naandika nafuta, naandika nafuta, nikitafuta namna ya kuongea juu ya mavazi na kujitunza wakati huu wa corona, Julai 2020, bila kujitaja mwenyewe. Imeshindikana. Wacha nijitaje.

Tangu Machi tulikuwa tunaabudu kwa simu, si mnajua. Sitawadanganya, mwanzoni nilikuwa naingia Zoom na blauzi ya kanisani huku chini nimejifunga leso, nikiinuka kuchukua chai nageuza simu iangalie ukuta. Ilipofika mwezi wa 5 hata blauzi nikaacha. Nikawa nazima kamera nasema ati bando zimeisha. Bando zilikuwepo. Ni dera nilikuwa nalo, lile nililolala nalo, na kichwa sijakichana siku kumi na kitu. Kazini walikuwa wametukata mshahara nusu na sikujua mwezi unaofuata nusu hiyo nayo itakuwepo ama la, basi naamka, naketi kitandani naangalia chanuo pale mezani na mkono hauendi. Nilikuwa naomba, ndiyo, lakini kuoga ilikuwa kazi. Hilo sikumwambia mtu.

Sasa Rais wetu hapa Kenya akatangaza tarehe 6 mwezi huu kwamba makanisa yatafunguka polepole, watu 100 tu, saa moja tu, wa chini ya miaka 13 wabaki nyumbani na waliopita 58 pia. Jumapili iliyopita ikawa zamu yetu kufungua. Wee! Jumamosi yote nilishinda mbele ya kioo. Gauni zipu ikakataa katikati ya mgongo, chapati za lockdown zilikuwa zimekaa hapo. Viatu vyangu vya kanisani nikavitoa kwa boksi, nikavaa nitembee kidogo sebuleni, nyuma yangu naacha makombo meusi kwa sakafu, soli imeoza ikimeguka kama mkate mkavu na kwa juu kiatu bado kinang'aa. Wigi nalo limeshikana kama kiota. Nikakimbia kwa fundi wa hapa mtaani, yule aliyekuwa anashona yunifomu za shule, sasa shule zimefungwa mpaka mwaka ujao anashona barakoa, moja shilingi hamsini, nikamwambia atumie kile kitambaa kilichobaki cha gauni langu la kitenge ili barakoa ifanane na gauni. Na Jumapili asubuhi nikapaka lipstiki. Lipstiki jamani, na mdomo nitaufunika! Jioni nilipoivua barakoa nilikuta ndani midomo yangu imejichora yote miwili, nyekundu. Hapo ndipo nilianza kulia lakini nimeruka mbele, wacha nirudi.

Mimi huwa nasimama mlangoni, mnanijua. Siku hiyo nilikuwa na ile bunduki ya kupima joto, chupa ya sanitaiza na orodha. Kila aliyetuma jina mapema yuko kwa orodha. Kufika saa tatu kasorobo nilikuwa nimehesabu 94, na katibu akaniambia wengine wachache hawaji, kwa hivyo nafasi zipo. Akaja mtu. Ndevu zimejaa mpaka zinatoka kando ya barakoa, nywele hazijaona kinyozi tangu sijui lini, koti linamning'inia mabegani kama limetundikwa kwa msumari. Barakoa ni zile za bluu za kuvaa mara moja na kutupa, ila hii alikuwa ameifua, ameifua, mpaka imeota manyoya. Nikampima, 36.4. Nikatafuta jina, halipo. Nikamwambia, ndugu, orodha imejaa, ngoja hapo nje kwa hema kwanza tuone. Akasema, sawa mama.

Hazikupita dakika mbili akaja mwingine. Suti ya bluu nzito, kiatu cheusi, barakoa yenye nembo, unanusia pafyumu kupitia kitambaa. Jina pia halipo. Na mimi, mtumishi wa Mungu, nikachukua kalamu nikamwandika kwa mkono wangu, namba 95, karibu sana ndugu, pita mbele.

Sikuona kitu. Hiyo ndiyo inaniuma, roho haikunisuta hata kidogo. Nilisikia tu kwamba mlango unaenda vizuri.

Tukaingia, tukaanza wimbo, watu mia hawajai, barakoa zinameza sauti, wimbo unatembea kama mgonjwa. Halafu nikasikia besi. Inatoka nje. Kanisa lote likasikia, mchungaji akageuza kichwa. Wapendwa, hiyo besi mimi naijua, imeimba nyuma yangu kwaya miaka sita. Ni ya yule ndugu ambaye shati lake la Jumapili lilikuwa na mistari ya pasi ungeweza kukatia mkate. Dereva wa basi la shule. Nilikuwa nimemtazama machoni nikampima joto na sikumjua.

Ibada ilipoisha nikaenda kwa hema. Sikumpata na hasira, hilo lingekuwa afadhali. Akanieleza polepole. Mama yake alifariki kule kwao, nje ya Nairobi, mwezi wa 5. Nairobi ilikuwa imefungwa tangu tarehe 6 Aprili, hakuna kutoka, na hata ungetoka mazishi ni watu kumi na tano. Akazikiwa mama akiwa huku, akiangalia kwa simu ya mpwa wake, network inakata. Kwao, mtu akishazikwa wafiwa wananyolewa, ndipo matanga yanaisha. Akaniambia, mama, mimi siwezi kunyoa na sijaliona kaburi. Barabara zimefunguliwa tarehe 7 mwezi huu ndiyo, lakini shule zikifungwa dereva wa basi anaendesha nini, na matatu sasa inabeba nusu na nauli imepanda. Jina alikuwa ametuma kwa meseji usiku, halikufika kwa orodha.

Nikamwomba msamaha. Akacheka kidogo akasema, hata mimi nikijiona kwa kioo siku hizi ningejifungia nje.

Usiku huo nikafungua 2 Samweli 19 kutafuta kitu kingine kabisa, nikakutana na Mefiboshethi. Mnamjua, yule mwana wa Yonathani, mjukuu wa mfalme Sauli, aliyelemaa miguu akiwa mtoto wa miaka mitano, yaya wake alipokuwa anakimbia naye akamwangusha. Daudi alipokimbia Yerusalemu kwa sababu ya Absalomu, mwanawe aliyemwasi, huyu alibaki. Biblia inasema alipokuja kumlaki mfalme, hakuwa ametengeneza miguu yake, wala ndevu zake, wala kufua nguo zake, tangu siku mfalme alipoondoka hadi siku aliporudi kwa amani. Nimesoma hiyo sura mara ngapi maishani na sijawahi kuona ni mtu wa lockdown huyo! Amekaa ndani, hajanyoa, hajafua, manake aliyempenda hayupo.

Sasa rudini nyuma sura ya 16. Kabla ya hapo alikuja Siba, mtumishi wake Mefiboshethi. Siba alikuja amejipanga. Punda wawili wametandikwa, mikate mia mbili, vichala mia vya zabibu kavu, matunda, divai. Akamwambia mfalme, Mefiboshethi amebaki mjini anangoja kupewa ufalme. Na Daudi, huyu huyu aliyepakwa mafuta siku ile Samweli aliambiwa wanadamu huitazama sura ya nje bali Bwana huutazama moyo, Daudi aliangalia mizigo juu ya punda akampa Siba kila kitu cha Mefiboshethi hapo hapo bila kuchunguza zaidi. Nilipofika hapo nikaweka Biblia chini. Kumbe hata Daudi alikuwa na kalamu ya kuandika namba 95.

Lakini kuna jambo moja Daudi alilifanya baadaye ambalo mimi sikulifanya. Alipomwona Mefiboshethi na ndevu zake, alimuuliza. Mbona hukuenda pamoja nami? Ni swali gumu, lina hata lawama ndani, lakini ni swali, na kwa sababu ya hilo swali yule mtu alipata nafasi ya kufungua mdomo na kueleza kwamba Siba alimdanganya. Mimi nilimpima joto. Joto la mwili nikalipata mpaka pointi, na mtu mwenyewe nikamkosa.

Wapendwa wangu, wacha niwaambie kwa upendo maana nimeanza kujiambia mwenyewe. Kuna maneno tunasema siku hizi. "Corona imekuacha hivo?" "Dada umejiachilia." "Yule si alikuwa smati, ni nini?" Tunasema tukicheka, tukiwa tumepita salama. Mtu aliyeacha kuchana nywele hajakosa chanuo! Mtu aliyekuwa anapiga pasi mpaka soksi na sasa anakuja na koti la kuning'inia, hapo kuna habari, kuna kazi imeisha, kuna kaburi, kuna mtoto analia usiku, kuna moyo umekaa gizani. Kinyozi ni mia, pakiti ya maziwa ni hamsini, fanya hiyo hesabu ukiwa na watoto wawili. Halafu sisi tumesimama mlangoni na barakoa ya kufanana na gauni. Yakobo alishatuandikia, mwenye mavazi mazuri anaambiwa keti hapa, maskini anaambiwa "simama wewe pale". Tulikuwa tunaihubiri kila mwaka hiyo! Na mara ya kwanza tumefungua mlango baada ya miezi minne, nafasi ni mia tu, tukaifanya neno kwa neno. Ulize! Ukiona ndugu amechakaa, uliza, tena uliza ukiwa umekaa chini, si ukipita. Na usiulize mbele za watu. Na akikujibu usimkatize na mstari wa Biblia.

Tena nasema hivi nikijua kwamba mwezi wa 5 Mefiboshethi alikuwa mimi. Tofauti yangu na yule ndugu ni kamera tu, mimi niliizima. Yeye alikuja na uso wake.

Kuna waliouliza kwa grupu juu ya mabinti kusukwa uzi zile zinasimama kama miba ya kirusi kwenye picha, wanaziita mtindo wa corona, ati ni kumkaribisha pepo mbaya. Mama zangu, kule Kibera, mtaa wa hapa Nairobi, huo msuko ni shilingi hamsini, ule wa kuongeza nywele ni mia tatu na kuendelea. Ni bei hiyo, na mtoto akiangalia kioo anakumbuka kunawa mikono. Tusimsumbue. Na mkisema watu waje na nguo nzuri, kumbukeni mitumba imezuiwa kuingia tangu Machi, kilichobaki sokoni bei si ile.

Sisemi kujitunza ni dhambi, msinielewe vibaya. Daudi huyo huyo mtoto wake alipokufa aliinuka akaoga, akajipaka mafuta, akabadilisha nguo, ndipo akaingia nyumbani mwa Bwana. Na mama yangu kule kijijini ana miaka 71, ibada haruhusiwi, lakini kila Jumapili anavaa sare yake ya akina mama na kitambaa kichwani na viatu, anaketi wima kando ya redio, na ibada ikiisha anavua anakunja. Nilimuuliza anamvalia nani. Akasema, kwani wewe ukimvalia unayeenda kumwona, ni lazima watu wakuone?

Huyo ni yeye na Mungu wake, anaivaa akiwa peke yake. Mimi yangu niliivaa kwa ajili ya mlango.

Jumapili hii nimeomba mwingine ashike orodha. Nitakuwa nje kwa hema, kuna viti kumi na mbili, na atakayekosa nafasi ndani tutakaa wote, spika tumeivuta hadi nje. Majina yatumwe kabla ya Jumamosi saa sita, na kama huna shati ya pasi njoo tu. Kama mkono hauendi kwa chanuo, kama mimi ilivyokuwa, nipigie. Hata usiku. Sitakuhubiria.

Yule ndugu nauli ilipatikana, haina haja ya kusema ilivyopatikana. Aliondoka Jumatano asubuhi. Leo amenitumia picha. Kichwa kimenyolewa kinang'aa, ndevu hamna, nyuma yake ni udongo ulioinuka na nyasi zimeshaanza kuota juu. Barakoa bado ni ile ya bluu. Chini ameandika, mama, nikirudi jina la Jumapili nitume kwa nani ndio lifike?