Walio Chini ya Banio

Wapendwa, Bwana Yesu asifiwe.

Neno la juma hili ni Ezekieli 34, mstari wa 17 hadi wa 22. Naomba mlisome kwanza kabla ya kunisoma mimi. Zamu hii ya tafakari nilipewa mwezi uliopita, nikaandaa Zaburi ya 23, malisho mabichi na maji ya utulivu. Nimeiweka kando kwa sababu ya simu niliyompigia mdogo wangu Jumatatu. Ila hiyo simu hamtaielewa nisipowarudisha kwanza Septemba 2019, katika mji unaoitwa Wilcannia, huku huku Australia.

Wengi wetu hapa Mildura tunaujua kwa jina tu. Unapanda kaskazini hadi Broken Hill, halafu unakata mashariki karibu kilomita 200 nyingine, nchi tambarare, udongo mwekundu, kangaruu wamelala kando ya barabara waliogongwa usiku. Tulikwenda magari mawili, tumepakia katoni za maji ya chupa. Mji wenyewe umejengwa ukingoni mwa mto Darling, mto wenye urefu unaozidi kilomita 1,400, nasi tunawapelekea watu wake maji ya dukani. Ndugu mmoja Mkongomani tuliyekuwa naye alisema hii ni sawa na kupeleka dagaa Kigoma. Tulicheka mpaka tulipofika.

Wenyeji wa pale ni Wabarkandji. Mto huo wao hawauiti Darling, wanauita Barka, na jina la kabila lao maana yake ni watu wa Barka. Mwaka 2015, baada ya miaka 18 ya kesi, mahakama iliwatambulia haki yao ya asili juu ya nchi ile. Nilidhani mtu akipewa nchi amepewa na mto wake. Kumbe Australia maji yana leseni zake mbali na ardhi, yananunuliwa na kuuzwa, na mtu anaweza kumiliki mgao wa maji ya mto bila kuwa na hata kiraka cha shamba.

Tulipomaliza kushusha katoni, mama mmoja mzee aliniambia twende akanionyeshe mto. Kila mtu pale alimwita Shangazi, kwa heshima, hata vijana wasio na undugu naye. Na mimi nikamwita hivyo hivyo, ikanitoka mdomoni kama niko nyumbani. Ilikuwa kama saa kumi na mbili kasoro, jua limeshuka, upepo bado wa moto.

Tukaanzia kwenye daraja la zamani. Lilifunguliwa mwaka 1896, na sehemu yake ya katikati ilitengenezwa ili inyanyuliwe juu, meli za mvuke zipite chini. Miaka ya 1880 Wilcannia ilikuwa bandari kubwa ya mtoni, meli zikipakia marobota ya sufu ya kondoo. Jioni ile, mahali palipopita meli, watoto wawili walikuwa wanashindana kwa baiskeli na kutimua vumbi.

Tukashuka mpaka kitandani mwa mto. Udongo ulikuwa umepasuka vipande vipande, unasimama kwenye kipande kimoja kinacheza kama tofali lisilojengewa. Kome wa mtoni walikuwa wamekufa wamefunua makombe, weupe, wengi, wanavunjika chini ya kiatu. Mbele kidogo palikuwa na dimbwi la kijani ambalo harufu yake ilitufikia kabla hatujaliona. Shangazi alinionyesha mahali alipojifunza kuogelea. Palikuwa juu ya kichwa changu.

Kingo zote mbili zina mikaratusi mikubwa, mizizi imening'inia hewani. Huu ni mkaratusi ule ule uliopandwa kwetu Tanzania kwa wingi, ambao vijijini tunaulaumu kwamba unakunywa chemchemi zetu. Sikuwahi kujiuliza kwao ni wapi. Kwao ni hapo, kando ya mto, na ulikuwa na kiu. Mmoja ulikuwa na kovu refu shinani, kuzidi urefu wa mtu, mahali ambapo wazee wa zamani walibandua gome wakatengenezea mtumbwi. Shangazi aliweka kiganja kwenye lile kovu akakaa hivyo kwa muda. Sikujua niseme nini, nikasema kile ambacho sisi watu wa ibada tunakisema tukikosa la kusema: tutawaombea, Mungu awaletee mvua.

Akasema vizuri, ombeni. Halafu akaongeza kwamba tuwaombee na wa huko juu. Mimi nikainua macho mbinguni. Yeye alikuwa amenyoosha kidole kaskazini mashariki, mto unakotokea.

Ilibidi anifafanulie kama mtoto. Huko juu kuna mashamba makubwa ya pamba ya umwagiliaji, na mabwawa ya kuhifadhia maji ya kuilisha. Ukame ulikuwepo, hakuna anayekataa, mvua ilikuwa haijanyesha vya kutosha tangu 2017. Lakini Menindee, mji ulio chini zaidi ya Wilcannia, samaki walipokufa kwa mamia ya maelfu kati ya Desemba 2018 na Januari 2019, jopo la wanasayansi wa Akademia ya Sayansi ya Australia liliandika mwezi uliofuata kwamba sababu ni ukame pamoja na maji yaliyochepushwa huko juu, na kwamba hiyo ya pili ndiyo nzito zaidi. Mto uliosimama uliota mwani, baridi ikaja ghafla, mwani ukafa na kuoza, na kule kuoza kukamaliza hewa ndani ya maji. Samaki walikosa pumzi wakiwa majini.

Waswahili tunasema aliye juu mngoje chini. Watu wa Wilcannia wamemngoja sana.

Sasa turudi kwa Ezekieli. Sisi tunaohubiri tunaipenda nusu ya kwanza ya sura hii, mistari 16 ya mwanzo, ambapo Bwana anawakaripia wachungaji wanaojilisha wenyewe. Ni rahisi kuihubiri. Unawataja viongozi, waumini wanaitikia amina kwa nguvu, maana hakuna kiongozi kwenye viti vya nyuma. Mstari wa 17 Bwana anageuka. Anawaacha wachungaji, anawaangalia kondoo. Anasema atahukumu kati ya mnyama na mnyama. Anawauliza kondoo wanono kama ni jambo dogo kwao kula malisho mema na kuyakanyaga kwa miguu yale yaliyosalia, kunywa maji safi na kuyachafua kwa miguu yale yaliyosalia.

Angalieni kosa lao liko wapi. Hawashitakiwi kwa kunywa. Kondoo ana kiu, Mungu kamuumba hivyo. Wanashitakiwa kwa miguu. Wamekunywa, wameshiba, na wanapogeuka kuondoka hawajui kwamba nyuma yao kuna wengine ambao chakula chao ni kile kilichokanyagwa. Mstari wa 21 utataja mabega na pembe zilizowasukuma wadhaifu, lakini hapa kwenye maji Ezekieli hasemi kwamba walifanya kwa chuki. Yamkini hawakutazama nyuma tu, na hapo ndipo mstari huu unaponichoma.

Nitapita haraka kwa mfalme Ahabu, 1 Wafalme 18. Njaa imeshika Samaria, na mfalme mwenyewe anatoka kuzunguka nchi akitafuta chemchemi. Ukisoma haraka utamsifu. Mstari wa 5 unasema anatafuta majani ya farasi na nyumbu wake.

Mimi ni mtoto wa Usangu, bonde la mpunga kule Mbeya, Tanzania. Baadhi yenu mnajua mchele wa Mbeya kwa harufu yake, ila hamjui unavyolimwa. Mpunga unataka maji yasimame. Kwa hiyo mto unawekewa banio, yaani kizuizi cha kugeuza maji, maji yanaingia mfereji mkubwa, yanagawanywa mifereji midogo, na kila mwenye majaruba ana zamu yake. Zamu hizo ndizo zinazovunja undugu. Nilipokuwa na miaka tisa au kumi kazi yangu ilikuwa kushika tochi. Baba alinishtua usiku, tunatoka kimya kimya, anapasua tuta la mfereji kwa jembe mara mbili tatu, na maji ya zamu ya mtu mwingine yanaingia kwetu. Kabla ya alfajiri anaziba. Baba alikuwa mzee wa kanisa. Hakuwahi kuiba kitu kingine chochote maishani mwake, hata maembe ya jirani yaliyoangukia kwetu alikuwa anayarudisha. Ila maji hakuyaona kuwa ni ya mtu. Na Jumapili alisimama akaongoza maombi ya mvua, machozi ya kweli kabisa.

Hayo ni ya jirani na jirani, na nadhani Mungu alishayamaliza na baba yangu. Lililonishika kule kwenye udongo mkavu ni jingine. Mito yetu ya Usangu inaingia Ihefu, kinamasi kikubwa, na maji yanayotoka Ihefu ndiyo Ruaha Mkuu. Kuanzia mwaka 1993 Ruaha Mkuu ukawa unakauka kila kiangazi, mto ambao zamani ulikuwa unatiririka mwaka mzima. Ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Ruaha viboko wanabanana kwenye madimbwi yaliyobaki. Bwawa la Mtera, la umeme, ambalo mto huo unalijaza, likishuka tulikuwa tunasikia redioni habari za mgao wa umeme, na baba anailaumu serikali huku buti zake za matope ziko mlangoni. Mwaka 2006 wafugaji wakaanza kuondolewa Ihefu na ng'ombe wao, wakiambiwa ndio walioharibu mto. Ng'ombe wana sehemu yao, sibishi. Lakini sisi wa mpunga tulikaa kimya siku zile, tena kwa raha fulani, kama mwanafunzi ambaye mwalimu amemchapa aliyekaa naye dawati moja.

Shangazi alipokuwa ananionyesha huko juu, alikuwa ananionyesha kwetu, na hakujua. Sikumwambia. Nilirudi naye mpaka barabarani, akanishukuru kwa maji ya chupa, nikapokea shukrani. Hiyo ni miaka kadhaa sasa na bado sijaweza kuikumbuka vizuri bila aibu.

Je, mvua ilikuja, mtaniuliza. Ilikuja. Machi 2020 maji yaliteremka yakafika Wilcannia, watu wakatoka nyumbani kwenda kuyapokea kama wanavyompokea mgeni wa heshima. Tulishukuru Mungu hapa kwenye ibada, mnakumbuka tulivyoimba. Halafu miaka ya mafuriko ikafuata, na Machi 2023, pale pale Menindee, samaki wakaelea tena wamekufa, safari hii kwa mamilioni, maji ya mafuriko yaliyokuwa yanapungua yakiwa yameishiwa hewa. Kwa hiyo siwezi kuwapa ushuhuda ulionyooka, kwamba tuliomba, ikanyesha, basi.

Na hapa Mildura tusijifanye wageni wa jambo hili. Mji huu wote uliota kutokana na mifereji ya Murray iliyoanza mwaka 1887. Zabibu ninazochuma, na ambazo nusu yenu mnazichuma pamoja nami, zinakunywa mto, na Murray unaendelea mbele yetu hadi Australia Kusini, kwa watu ambao nao wanaosha vyombo na kubatiza watoto. Hela ya zabibu hizo ndiyo iliyonunua pawatila, yaani trekta dogo la kusukuma kwa mkono, ya mdogo wangu. Mwaka jana nilimtumia nyingine aongeze majaruba mawili. Nilituma kwa furaha, nikatoa na zaka yake.

Jumatatu nikampigia. Tukasalimiana, mama hajambo, watoto wanasoma, mpunga umeshavunwa na bei si mbaya. Nikamuuliza sasa kwa kuwa wamevuna, je, wamefunga banio ili maji yaende mtoni?

Akacheka. "Kaka, ukifunga wewe, mwenzako anafungua. Mfereji ukikauka, ng'ombe watakunywa nini? Na mboga za mama?"

Nikamwambia najua, lakini mfereji ule unamwaga maji porini usiku kucha, nimelelewa hapo, nimeyaona kwa macho. Nikamuuliza wale wanaoishi chini watapata nini.

"Chini wapi?" Hakuwa ananitania.

Nikafungua mdomo nimtajie mtu. Mmoja tu ambaye namfahamu kwa jina, anayechota maji chini ya Ihefu. Nilikaa na simu sikioni nikimtafuta kichwani, sekunde zinakwenda na salio linakwenda, na simpati.

"Haloo? Kaka, unanisikia?"