Nilivyojifunza kuchonga njia isiyoliwa na maji

Njia ya kwanza niliyoshiriki kuichonga ilishuka kilima moja kwa moja, juu hadi chini, kwa kuwa huko ndiko kulikokuwa karibu. Tuliimaliza kwa siku tatu. Msimu mmoja wa mvua ukaigeuza korongo: mizizi wazi, mawe yamechomoza, na wapitaji wanakanyaga majani ya pembeni kukwepa utelezi, hivyo njia inazidi kutanuka. Iliniuma sana, maana kilima kile kilikuwa kizima kabla hatujakigusa.

Mzee aliyenifundisha baadaye hakunipa jembe siku ya kwanza. Alinipeleka kilimani mvua ikinyesha, akaniambia, "Yaangalie maji tu." Niliyaangalia karibu saa nzima. Maji hushuka pale penye mteremko mkali kuliko pengine pote, na njia ikipita hapo hapo inakuwa mto.

Tulirudi palipokauka, na kipima mteremko na vitambaa vya rangi vya kuonyesha mstari wa njia. Kanuni yake kuu ilikuwa hii: mwinuko wa njia usizidi nusu ya mwinuko wa ubavu wa kilima inaoukata. Ubavu ukiwa wa asilimia 16, yaani unapanda mita 16 kwa kila mita 100 za kwenda mbele, njia isizidi asilimia 8. Ikizidi, maji hayaivuki, yanaifuata. Na hata ubavu ukiwa mkali kiasi gani, wastani wa njia nzima tuliuweka asilimia 10 au chini yake. Mimi nilidhani tambarare ndiko kwepesi. Sivyo: kule maji hayana pa kwenda, yanatuama, tope linaanza.

Kufunga vitambaa kulitula muda mwingi kuliko kuchimba. Tulipitisha mstari, tukautembea pande zote mbili, tukaufungua, tukaanza upya mara nne. Sasa naamini kazi ya njia ni hiyo hasa, kwa sababu mstari mbaya hauponywi na jembe.

Kuchimba kwenyewe kulihitaji subira. Kwanza tuliondoa majani yaliyooza na udongo mweusi wa juu, ambao hufyonza maji na kulainika, mpaka tukafikia udongo mgumu. Kisha tukakata upana wote wa njia ndani ya ubavu. Nilitaka kukata nusu, nusu nyingine niijaze kwa udongo uliochimbwa. Mzee alikataa: udongo wa kujazia hushindilika vibaya, na ukingo huporomoka. Ule wa ziada tuliutawanya mbali chini ya kilima. Sehemu ya kukanyaga tuliilaza kidogo kuelekea bondeni, kama asilimia 5, maji yapite kama karatasi nyembamba bila kukusanyika.

Lakini nyayo hubonyeza katikati ya njia, na mlalo ule hupotea polepole. Ndiyo maana kila baada ya kipande kifupi cha kushuka, tuliifanya njia ipande hatua chache kabla ya kuendelea. Kwenye bonde lile dogo maji hulazimika kutoka.

Mvua kubwa ilipokuja nilikwenda mwenyewe kutazama. Maji yalitoka kwenye kila bonde dogo la njia, isipokuwa mahali pamoja, ambapo udongo ulikuwa umejikusanya kwenye ukingo wa chini ukawa kama tuta. Nililikata kwa jembe, na maji yaliyotuama yakashuka kilimani mbele ya macho yangu.