Siku Moja Maishani Mwangu: Fundi Bomba, London

Saa kumi na mbili asubuhi bado giza. Chai, mkate, vifaa garini. Kufikia saa tatu nimeshabadilisha koki ya mteja wa kwanza. Hiyo haina hadithi.

Saa tatu na nusu nipo East Ham, kwa mama mmoja wa Unguja. Rejeta ya kupashia joto sebuleni imeliwa na kutu, chini amefunga tambara. Mpya ipo kwenye boksi, kaiagiza mwenyewe mtandaoni.

"Mwanangu, si unang'oa hii unatundika ile? Saa moja tu."

Kutundika ndiyo kazi ndogo. Nikapima: mpya ni fupi kwa sentimita 15, na kwa kuwa ina bamba mbili, inasimama mbali zaidi na ukuta. Mabomba yaliyotoka sakafuni hayaikuti tena.

"Huwezi kuyakunja kidogo?"

"Mama, shaba ya milimita 15 ukiilazimisha inabonyea."

Nikazima boila, mtambo unaochemsha maji ya rejeta, nikavuta mpira hadi nje kuyamwaga. Maji yakatoka meusi kama wino. Ni kutu iliyosagika. Hutuama chini ya rejeta, ndiyo maana juu kunachemka na chini baridi. Mama akasema maji ya kwao hayakuwa hivyo. Sawa.

Kisha zulia, kisha mbao za sakafu zenye misumari ya zamani za kale. Nimepiga magoti, taa mdomoni, nakata bomba, naweka kiungo cha kona, nati zimeganda kwa rangi ya miaka. Juu yangu mama kampigia mwanawe simu, kaweka spika. Kijana katazama video. "Mwambie afunge tepu kila jointi!" Jointi ya kubana hushikwa na pete ya shaba, si tepu; tepu ni ya mkia wa valvu unaoingia kwenye rejeta. Nikajibu, "Sawa, baba," nikaendelea.

Adhuhuri imepita, mchana umepita, sijala isipokuwa kaimati zake, na nikiri zilikuwa tamu. Dawa ya kuzuia kutu, maji, hewa ikatoka ikipiga mluzi, mita ya presha ya boila ikasimama baa 1.3. Nikawasha, nikapitisha karatasi ya chooni kwenye kila jointi ya moto. Kavu.

Nje giza tena. Mama akafungua pochi: "Si utanipunguzia, mwanangu? Rejeta nimenunua mwenyewe."

"Rejeta sijakuhesabia, mama. Hiyo ni hela ya kazi ya sakafuni."